Wasomaji Wanauliza: Mafuta ya Baridi Kali Yanatunzwaje Angani?

Toleo lililopita tuligusia kwa sentensi moja tu kwamba vyombo vipya vya kutua mwezini, vinavyotengenezwa Marekani, vitalazimika kukaa angani na mafuta ya baridi kali, yaani gesi kama haidrojeni, methani na oksijeni zilizopozwa hadi zikawa kimiminika, kwa wiki nyingi, pengine miezi. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Tunajibu baadhi.

Kama anga ni baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, hayo mafuta yanachemshwa na nini? Wanafunzi wa kidato cha tatu wameniuliza nikabaki nakuna kichwa.
*Mwalimu wa fizikia, Dodoma*

Mwalimu, wamekushika pazuri. Hizo nyuzi 270 ni joto la mnururisho hafifu uliotapakaa ulimwenguni kote. Si upepo wa baridi unaoweza kulizunguka tangi ukalipoza. Angani hakuna cha kugusana nacho, kwa hiyo tangi hupokea na kutoa joto kwa mnururisho tu, na jirani zake ni wakali. Jua linamwaga wati 1,361 hivi kwa kila mita ya mraba. Dunia iliyo chini inarudisha karibu theluthi ya mwanga huo, na juu yake inatoa joto lake yenyewe. Tena tangi limefungwa kwenye chombo chenye betri na kompyuta, vitu visivyopenda baridi.

Sasa angalia mafuta yenyewe. Kwenye presha ya kawaida ya hewa, oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, methani kwenye 161.5, na haidrojeni kwenye 253, yaani kelvini 20, nyuzi 20 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kwa haidrojeni hata barafu ni jiko.

Waandikie hesabu hii ubaoni. Wati moja ikipenya usiku na mchana ni jouli 86,400 kwa siku. Kilo moja ya haidrojeni kimiminika huhitaji kama jouli 446,000 kugeuka mvuke. Gawanya: kila wati inayopenya inakula gramu 190 hivi za haidrojeni kwa siku. Kwa methani ni gramu 170, kwa oksijeni gramu 400.

Oksijeni inaonekana kupata hasara kubwa zaidi, sivyo? Wape tangi la mviringo kama mpira, kipenyo mita 3, lililojaa asilimia 95. Ndani mnaingia kilo 950 za haidrojeni, kwa sababu mita moja ya ujazo ina kilo 71 tu. Tangi hilo hilo hubeba zaidi ya tani 15 za oksijeni. Joto likipenya kwa wati 20, haidrojeni inapungua kilo 3.9 kwa siku, na baada ya siku 100 imekwenda asilimia 41. Oksijeni kwa siku hizo hizo imepungua asilimia 5 na kidogo. Ndiyo maana tunasema oksijeni na methani ni kazi ya fundi makini, lakini haidrojeni ni mtihani wa aina nyingine.

Ukubwa nao unasaidia. Ongeza kipenyo mara mbili: eneo la ngozi linakuwa mara nne, ujazo mara nane. Tangi kubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi ya mzigo wake kila siku, kama vile chungu kikubwa cha uji kinavyochelewa kupoa kuliko bakuli.

Nabeba mtungi wa naitrojeni kila siku kwenda kuhimilisha ng'ombe. Hayo matangi ya angani yana tofauti gani na mtungi wangu?
*Mtaalamu wa uhimilishaji, Usa River*

Ni ndugu wa damu moja. Mtungi wako una chombo cha ndani kinachoning'inia ndani ya cha nje, kati yao hewa imenyonywa, na chombo cha ndani kimefungwa karatasi nyingi za kung'aa. Shingo ni ya nyuzi za kioo, si ya alumini, ili joto lisiteremke nayo. Ni chupa ya chai iliyogeuzwa kazi: badala ya kuzuia joto lisitoke, inalizuia lisiingie. Ukiona umande au barafu imetanda kwenye mwili wa mtungi, siyo mdomoni, unajua ombwe limeharibika na mbegu zako ziko hatarini. Mengi ya mambo hayo yapo kwenye tangi la roketi.

Tofauti ya kwanza ni kwamba angani chombo cha nje hakihitajiki. Ombwe lipo bure. Ukuta wa pili wa chuma ungekuwa mzigo mtupu, kwa hiyo blanketi linabaki wazi juu ya tangi lenyewe.

Blanketi hilo ndilo moyo wa kazi. Ni karatasi za plastiki nyembamba mno, mara nyingi unene wa maikroni 6, zilizopakwa alumini pande zote mbili, na kati ya karatasi na karatasi kuna wavu mwembamba wa poliesta ili zisigusane. Hupangwa karatasi 30 hadi 60, kama 20 kwa kila sentimita ya unene. Kila karatasi inarudisha sehemu kubwa ya joto kwa jirani yake, na likifika ya mwisho limebaki la kuhesabu kwa vidole. Tangi letu la mita 3 likiwa limejaa lakini halina blanketi, katika mazingira ya nyuzi 27, hata likinyonya sehemu moja tu ya kumi ya mnururisho, litapokea wati 1,300 hivi. Haidrojeni yote imekwisha kabla ya siku nne kutimia. Kwa blanketi zuri, joto hushuka hadi nusu wati kwa mita ya mraba, kama wati 14 kwa tangi zima.

Mafundi wasiolizoea huliharibu kwa kulikaza. Mtu akitaka kazi ionekane safi, anavuta kamba, karatasi zinabanana, na joto linapita kwa kugusana. Blanketi lililolegea kidogo, lenye sura ya nguo isiyopigwa pasi, hufanya kazi vizuri kuliko lile lililonyooka. Kosa la pili liko kwenye maungio. Karatasi ya nje ya kipande kimoja inapaswa kukutana na ya nje ya kipande jirani, ya ndani na ya ndani. Ya nje, ambayo ina joto, ikiingizwa chini na kugusa ya ndani, umejenga daraja. La tatu ni kusahau matundu. Roketi inapopanda, hewa iliyomo kati ya karatasi lazima itoke ndani ya dakika chache. Isipopata njia, blanketi linavimba kama puto na kuchanika.

Kisha kuna yale yanayolitoboa blanketi: nguzo, mabomba, nyaya. Bomba la chuma cha pua lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 1, urefu mita moja, linaleta nusu wati hivi kutoka upande wa joto hadi kwenye haidrojeni. Lifupishe liwe sentimita 20 na linaleta zaidi ya wati 2. Alumini ingeleta kama mara kumi zaidi ya chuma cha pua. Nguzo kwa hiyo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni, ndefu na nyembamba, na mabomba huzungushwa makusudi yasiende moja kwa moja.

Tofauti ya mwisho inaanzia ardhini, kabla ya kuruka. Mtungi wako uko kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ambayo haiwezi kuigandisha hewa. Ngozi ya tangi la haidrojeni inaweza. Hewa ikibaki ndani ya blanketi itageuka kimiminika na kuchuruzika, na hewa ya majimaji yenye oksijeni nyingi karibu na haidrojeni ni ajali inayosubiri cheche. Hata naitrojeni kavu haifai hapo, kwani nayo inaganda. Dawa ni mbili: kupitisha heliamu ndani ya blanketi hadi dakika ya kuondoka, au kupuliza povu gumu kwenye ngozi ya tangi kwanza ili uso wa povu usiwe baridi kiasi cha kuigeuza naitrojeni kimiminika, halafu blanketi linakaa juu ya povu.

Roketi zilizokuwa zikirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapa kwetu Malindi, zilitumia mafuta haya ya baridi?
*Msomaji mzee, Malindi*

Shikamoo mzee wetu. Hapana. Zile zilikuwa roketi za Scout, hatua zake zote zikiwa za mafuta magumu, mfano wa fataki kubwa mno. Ndizo zilizoirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mafuta magumu hayachemki, na ni sehemu ya sababu jukwaa dogo la baharini liliweza kuyatumia. Yana kasoro moja: yakishawashwa hayazimiki, kwa hiyo hayafai kwa chombo kinachotaka kuwasha injini, kuzima, kungoja wiki mbili na kuwasha tena.

Ni kweli haidrojeni hujichemsha yenyewe hata tangi likiwa kamilifu?
*Msomaji, Zanzibar*

Kweli, kama imegeuzwa kimiminika ovyo. Molekuli za haidrojeni ziko za aina mbili, otho na para, kutegemea namna viini vyake vinavyozunguka. Kwenye joto la chumba robo tatu ni otho. Kwenye kelvini 20 karibu zote hutaka kuwa para, na kila inayogeuka hutoa joto. Jumla yake inazidi jouli 500,000 kwa kilo, kubwa kuliko zile 446,000 za kuigeuza mvuke. Ukiijaza tangi kabla haijageuka, itajila yenyewe kwa siku kadhaa na blanketi lako litalaumiwa bure. Kwa hiyo kiwandani hupitishwa kwenye kichocheo, mara nyingi oksidi ya chuma, igeuke huko huko.

Shikamooni. Kaka anasema mafuta yakichemka angani wanafungua vali mvuke utoke, kama kufunua sufuria. Ni rahisi hivyo?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga*

Marahaba, mwanetu. Kaka yako yuko sawa kwa tangi lililo ardhini. Sufuria ina chini na juu: maji yanakaa chini kwa uzito wake, mvuke unapanda. Chombo kikizunguka Dunia na injini zimezimwa, hakuna chini. Haidrojeni hupenda kushika ukuta, kwa hiyo mara nyingi inalipaka tangi pande zote na mvuke unabaki kiputo katikati. Msukosuko mdogo, na bonge la kimiminika linaelea hadi mlangoni pa vali. Ukifungua, kinachotoka siyo mvuke.

Hilo lilitokea tarehe 11 Desemba 1964. Chombo cha Centaur, cha kwanza kutumia haidrojeni kimiminika, kilikuwa katika safari yake ya nne. Injini ziliwaka vizuri na kuzimwa, mpango ukiwa ziwashwe tena baada ya muda. Zilipozimwa, haidrojeni iliruka mbele, na viroketi vidogo vya kuituliza nyuma vilikuwa dhaifu mno. Kimiminika kikafika kwenye vali ya kupumulia na kufyatuka nje bila usawa, chombo kikaanza kupinduka, na injini hazikuwaka vilivyotarajiwa. Hapakuwa na kifaa kilichovunjika. Mafuta yalikuwa mahali pasipotakiwa, basi.

Wahandisi wa roketi za Saturn walijifunza. Tarehe 5 Julai 1966 walirusha roketi ya AS-203 bila mzigo wowote, ikiwa na tani kadhaa za haidrojeni iliyobakizwa makusudi na kamera ya televisheni ndani ya tangi, ili waone inavyojiweka. Walitumia ujanja tunaoupenda: mvuke unaotoka ulielekezwa nyuma kidogo kidogo bila kukoma, ukawa msukumo mdogo wa kukiendesha chombo mbele. Kasi hiyo ndogo ilitosha kuifanya haidrojeni itulie upande mmoja. Hasara ikalipa kodi. Njia hiyo hiyo ilitumika kwenye hatua ya tatu ya Saturn V wakati wanaanga wa Apollo wakisubiri kuwasha injini ya kwenda mwezini.

Hata hivyo huwezi kusukuma kwa miezi sita. Kwa safari ndefu kuna mfumo mwingine ambao haujali kama mdomo wa bomba umekuta mvuke au kimiminika, na tukueleze hatua kwa hatua kwa sababu ni hila nzuri ya fizikia. Chukua haidrojeni ndani ya tangi kwenye presha ya kilopaskali 140 hivi, joto kelvini 21.5. Ipitishe kidogo kwenye tundu jembamba ishuke hadi kilopaskali 50. Presha ikishuka, kiwango cha kuchemka kinashuka pia, na kijito hicho sasa kiko kelvini 18. Kizungushe ndani ya kibomba kilichozamishwa katika haidrojeni iliyobaki. Kwa kuwa kiko nyuzi tatu na nusu chini, kinanyonya joto la tangi hadi kigeuke mvuke mtupu, ndipo kinatupwa nje. Unapoteza mvuke, kimiminika hakipotei, hata kama hujui kimekaa wapi.

Pamoja na hicho huwekwa pampu ndogo ya kukoroga. Bila uzito hakuna cha kuyapandisha maji ya moto na kuyashusha ya baridi, kwa hiyo haidrojeni iliyo ukutani inapata joto na ya katikati inabaki baridi. Presha hufuata ile yenye joto, ikapanda haraka kuliko hesabu ya tangi zima. Koroga, na presha inashuka bila kutupa hata gramu. Lakini usikoroge mchana kutwa: pampu ya wati 10 inaacha wati zake 10 humo humo ndani. Na lile tundu jembamba ndilo kidonda cha mfumo. Punje ya hewa iliyoganda, iliyobaki kwa sababu tangi halikusafishwa vizuri kwa heliamu, inaliziba, na huwezi kumtuma fundi.

Mvuke wenyewe usitupwe ukiwa bado baridi. Kuupandisha kutoka kelvini 20 hadi joto la chumba kunameza zaidi ya mara saba ya joto lililoutoa kwenye kimiminika. Basi unapitishwa kwanza kwenye kibomba kilichoshikamana na nguzo na ngao iliyo katikati ya blanketi, unyonye joto njiani kabla halijafika tangini.

Mimi ni fundi friji. Kwa nini wasifunge kompresa wakamaliza?
*Fundi, Mombasa*

Wanafunga, fundi, ila siyo ile unayoijua. Gesi ya R134a huganda kwenye nyuzi 103 chini ya sifuri, R600a kwenye 160 hivi. Mafuta ya kompresa yangekuwa jiwe zamani. Mashine hizi hutumia heliamu au neoni, vitu visivyoganda huko, na mhimili wa turbini yake ndogo huelea juu ya gesi yenyewe bila tone la oili.

Bei ya umeme ndiyo inayouma. Kuhamisha wati moja kutoka kelvini 20 hadi 300, sheria ya maumbile inadai angalau wati 14 za umeme, na mashine inayofikia asilimia 15 ya ukamilifu huo itakula 93. Kutoka kelvini 90, mashine ya ubora ule ule inakula 16 tu. Kwa zile wati 20 za tangi letu, kuzitoa zote kwenye kelvini 20 ni wati 1,870 za umeme. Umeme huo wote pamoja na joto lililotolewa lazima utupwe na rejeta. Rejeta ya angani haina feni wala upepo, inamulika joto tu. Hapo utahitaji zaidi ya mita za mraba 4.5 hata ukijifanya hujaliona Jua.

Ujanja ni kulikamata joto mapema. Katikati ya blanketi unaweka ngao nyembamba ya alumini yenye vibomba vya heliamu vya kelvini 90. Ikikamata wati 18, umelipa 280 hivi. Zimebaki wati 2 za kushughulikiwa na mashine ya kelvini 20, wati 190. Jumla 470, robo ya ile bili ya kwanza. Huko Marshall, kituo cha NASA kilichopo Huntsville, mpangilio wa namna hii ulifanyiwa majaribio ya siku 90 mwaka 2025: vibomba vya heliamu vya nyuzi 253 chini ya sifuri kwenye ngozi ya tangi, na vingine vya 183 kwenye ngao.

Vibomba hivyo vinahitajika kwa sababu angani huwezi kupoza pembe moja ukategemea baridi ienee. Hakuna mzunguko wa wenyewe ndani ya kimiminika.

Je, inalipa? Chukua mtambo, paneli za sola na rejeta vyenye kilo 150 pamoja. Tangi letu hupoteza kilo 3.9 kwa siku, kwa hiyo safari ya siku zisizozidi 38 ni afadhali uongeze mafuta na uache mtambo nyumbani. Na mtambo ukifa, umekufa na kila kitu. RRM3, kifaa cha majaribio ya kujaza mafuta angani kilichopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2018, kilikaa na lita 42 za methani miezi minne bila kupoteza kitu. Aprili 2019 mashine ya kupoza ilikataa kuwaka, methani ikapata joto, ikabidi itolewe yote nje kwa usalama.

Tangi lililolipuka kwenye Apollo 13, lilikuwa limechemka?
*Msomaji, Kigoma*

Siyo kwa maana tuliyoizungumzia. Lile lilikuwa tangi la oksijeni ya kupumulia na ya kuzalisha umeme, siyo la injini kuu. Liliwekwa kwenye presha kubwa kiasi kwamba hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na mvuke, kitu kimoja kizito kama ukungu. Tatizo la kiputo kimekaa wapi linakwisha, lakini unalipia kwa ukuta mnene, na lazima uweke hita ya kushikilia presha na feni ya kukoroga. Swichi za joto za hita zilikuwa za volti 28. Ardhini ziliunganishwa na volti 65, zikaungua na kugandamana, hita ikawaka kwa saa nyingi bila kuzimwa na kuunguza ganda la nyaya. Tarehe 13 Aprili 1970 feni ilipowashwa ikakoroge, cheche ikakuta oksijeni.

Naendesha lori la mafuta, Dar hadi Tunduma. Sisi tunafungua manholi, tunaingiza kijiti, tunashusha. Huko juu wanahamishaje tangi hadi tangi, na wanapimaje?
*Dereva, Tunduma*

Kaka, wewe una mvutano wa Dunia unaokufanyia nusu ya kazi. Hawa wana mambo manne ya kupitia.

Kwanza mtoaji lazima apeleke kimiminika kwenye mdomo wa bomba. Ama chombo kinasukumwa taratibu mafuta yatulie, ama ndani ya tangi kunakuwa na mifereji iliyofunikwa wavu wa chuma wenye matundu ya kama maikroni 14. Wavu uliolowa unapitisha kimiminika na kuzuia mvuke, kama kitambaa kilichorowa kinavyokataa kupulizwa. Kwa haidrojeni nguvu hiyo ni ndogo, kama nusu kilopaskali. Ukivuta haraka kupita hapo, wavu unakubali mvuke na bomba linapiga chafya.

Pili, tangi linalopokea lipozwe kwanza, na hapa ndipo mafuta mengi huliwa. Tangi la alumini la kilo 200 lililo kwenye joto la chumba, ukilimwagia haidrojeni huku vali ya kupumulia iko wazi, unaweza kutupa kilo 76. Njia ya kiungwana ni kuingiza kidogo na kufunga, kungoja mvuke upate joto la ukuta, ndipo uutoe, halafu unarudia. Kwa subira hiyo matumizi yanaweza kushuka chini ya robo yake.

Tatu, ukuta ukishapoa funga vali ya kupumulia na ujaze kwa kunyunyiza. Matone baridi yanaukamata mvuke uliopo na kuurudisha kuwa kimiminika, kwa hiyo presha haipandi. Acha nafasi. Haidrojeni ikipanda kutoka kelvini 20 hadi 25 inavimba kama asilimia 10, na tangi lililojazwa pomoni halina pa kuvimbia.

Nne ni kipande cha bomba kilichobaki na kimiminika kati ya vali mbili zilizofungwa. Kisipokuwa na vali yake ya usalama, joto litakigeuza gesi na bomba litapasuka. Hilo hata wenzako wa malori ya gesi wanalijua.

Tarehe 14 Machi 2024 chombo cha Starship kilihamisha oksijeni kati ya matangi yake mawili yenyewe kwa yenyewe kikiwa angani. Kati ya vyombo viwili tofauti, vyenye mafuta ya namna hii kwa tani nyingi, ndiyo kazi kubwa zaidi.

Kuhusu kijiti: hakifai, kwa kuwa hakuna usawa wa kusoma. Mnapotulia kwa msukumo mnaweza kusoma vipima joto vilivyopangwa kwenye mlingoti, kilicholowa na kisicholowa. Mkiwa mnaelea, kuna geji ya redio: antena ndani ya tangi inatoa mawimbi, tangi linavuma kama kengele, na sauti zake hubadilika kulingana na kiasi cha mafuta kilichomo. Ilikuwemo kwenye chombo cha Odysseus kilichotua mwezini Februari 2024 kwa oksijeni na methani. Wanaoitumia hupiga hesabu kabla ya safari ya jinsi mafuta yanavyoweza kujipanga, ukutani, katikati, upande mmoja, kisha wanatafuta mpangilio unaofanana zaidi na mlio walioupata. Umbo la tangi likiwa na vizuizi vingi vya ndani, kazi hiyo ya kulinganisha inakuwa ndefu.